Mistari Niliyompangia Bosi Pyo

Kwa miaka ishirini na mbili kazi yangu ilikuwa kuchuchumaa. Watu hudhani kedi ni mbeba fimbo. Fimbo za gofu zinapanda kigari, na kigari kinafuata waya uliozikwa ardhini, hakihitaji mtu ila wa kubonyeza kitufe. Kedi anachuchumaa. Mpira ukishafika kwenye grini, pale penye nyasi zilizonyolewa kama zulia kuzunguka shimo, mgeni anasimama pembeni na kupiga soga. Mimi naokota mpira wake, naufuta kwa kitambaa kibichi, naurudisha mahali pake, na ule mstari mweusi uliochorwa ubavuni naulenga njia ambayo mpira unapaswa kupita. Mgeni anakuja, anausukuma kwa fimbo akifuata mstari wangu. Ukiingia, ni yeye. Usipoingia, ni mimi.

Wageni wanne, mashimo kumi na nane, na siku za msimu mizunguko miwili kutwa. Magoti yangu ndiyo yanayojua hesabu yake.

Naitwa Tak Geum-rye. Nilizaliwa Jeongseon, bondeni, kwa watu wa viazi na mahindi. Nilisoma hadi darasa la sita. Kaka yangu alipofaulu kwenda shule ya mjini, baba alisema nyumba moja haiwezi kulea watoto wawili wenye vitabu, nikapelekwa kiwanda cha soksi. Kaka sasa ni mwalimu mkuu. Kila sikukuu ya mavuno ananitumia kasha la matufaha, na jina langu juu ya kasha limeandikwa na mtu wa dukani. Mume nilimpata kulekule klabuni, fundi wa mashine za kunyolea nyasi. Alihamia Busan na mwanamke aliyekuwa akimuuzia bima ya maisha. Sina la kuongeza.

Klabu yetu iliitwa Cheongam, juu ya mlima, Hoengseong. Ng'ombe wako chini, wenye ng'ombe wako juu. Makedi tulilala bwenini, nyuma ya banda la vigari. Zamani chumba namba saba tulikuwa wanne, tukigombania birika la maji ya moto kila alfajiri. Siku hizi wasichana wana magari yao na vyumba vyao mjini. Mimi nilibaki namba saba na vitanda vitatu vitupu. Nilikuwa nabadilisha, wiki hii nalala hiki, wiki ijayo kile, ili magodoro yasishike ukungu.

Cheongam, kedi akitimiza hamsini anaondoka. Sharti hili halikuandikwa popote, kwa sababu sisi hatukuajiriwa, tuliruhusiwa tu kuingia. Njia ya kubaki ilikuwa moja: kila Novemba wanachama wanajaza fomu ya mwaka ujao, na mwanachama akiandika jina la kedi, kwamba anamtaka huyo na si mwingine, basi huyo haguswi. Mimi nilifika hamsini nikapita, nikafika hamsini na mbili, kwa kalamu ya mtu mmoja tu. Pyo Dong-cheol.

Bosi Pyo alikuwa na kiwanda cha fremu za madirisha kule Wonju. Miaka sitini na moja, tumbo limetangulia, sauti kama kipaza sauti cha gari la kuuza vitunguu. Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya ningemwelewa mapema zaidi. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa kedi wake, na kwa miaka hiyo yote wenzake walimwita Mfalme wa Grini, kwa sababu hata acheze ovyo namna gani toka mbali, akifika karibu na shimo mpira wake ulikuwa unaingia kama una mwenyeji humo ndani.

Mwaka jana, katikati ya Oktoba, majani ya mlimani yamekwisha kuwa mekundu, alikuja akiwa na jambo jipya. Walikuwa wanne kama kawaida, lakini wawili kati yao walikuwa wafanyabiashara wasiozungumza wakicheza, nitawaacha. Wa kukumbukwa ni Bang, daktari wa meno, mwembamba, rafiki yake Pyo tangu jeshini, anayekuja kila wiki kama mgeni wake.

"Dada Tak!" Bosi Pyo akaniita kwenye grini ya kwanza. "Leo uniangalie vizuri. Leo utaona kitu."

Akaishika fimbo ya kusukumia kinyume. Watu wote wa mkono wa kulia hushika mkono wa kushoto juu, wa kulia chini. Yeye akaweka wa kulia juu, wa kushoto chini.

"Unakamua ng'ombe au unacheza gofu?" Bang akauliza.

"Wewe cheka. Mwalimu wangu wa gofu ya skrini, ile ya ndani ya chumba, kanifundisha. Mkono wa kushoto ukiwa chini, ule wa kulia hauleti fujo. Mabingwa wote siku hizi wanashika hivi."

"Mabingwa wote wana miaka ishirini na hawana tumbo."

Nikachuchumaa, nikaufuta mpira, nikapanga mstari kama siku zote. Akasukuma. Mpira ukapita upande wa kulia wa shimo, karibu kabisa, ukaenda zake.

"Mikono bado haijazoea," akasema.

Grini ya pili, kulia. Ya tatu, kulia. Ya nne ilikuwa hatua mbili tu kutoka shimoni, mpira wa kumpa mtoto, nao ukapita kulia. Safari hii hakuitazama mikono yake. Alinitazama mimi.

Tulipofika shimo la tisa tukaingia kwenye kibanda cha mapumziko. Wakaagiza tofu ya moto na pombe ya mchele, mimi nikasimama mlangoni na glasi yangu ya chai ya shayiri.

"Dada," Bosi Pyo akasema huku anatafuna, "una miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili, bosi."

"Macho ulipima lini?"

Kabla sijajibu Bang akadakia: "Macho ya shangazi hayo yanataka miwani ya kusomea."

"Akiwa dada anaona shimo," Bosi Pyo akasema, "akishakuwa shangazi anaona mashimo mawili, hajui alenge lipi!"

Wakacheka wote, hata wale wawili wasiozungumza. Nami nikacheka, maana kedi akichekwa anacheka. Baada ya hapo nilipanga mistari tisa mingine kwa uangalifu wa mtu anayetunga uzi kwenye sindano, na mipira yote tisa ilikosa shimo. Jioni, mbele ya dirisha la ofisi, nikiwa nimesimama palepale na begi lake mkononi, alimwambia msimamizi wa makedi: "Wiki ijayo nipe mwingine. Mwenye macho."

Msimamizi ni Seo Yu-ra. Ana miaka thelathini na sita. Alikuja Cheongam akiwa na ishirini na moja, analia kila siku, akalala namba saba kwenye kitanda cha dirishani, na mimi ndiye niliyemfundisha kuusoma mteremko kwa nyayo, kwamba simama miguu yote miwili, sikia uzito unaegemea wapi, macho yatakudanganya. Hata namba za fimbo nilimwandikia kwenye kiganja kwa kalamu, kwa sababu hazikumkaa kichwani. Kesho yake aliniita ofisini.

"Dada mkubwa, kaa."

"Nitasimama."

"Bosi Pyo ameniambia..."

"Nilikuwepo, Yu-ra. Nilikuwa nimeshika begi."

Akapanga karatasi zilizokwisha pangwa. "Fomu zinafungwa baada ya wiki tatu. Asipokuandika, sina namna. Unajua mimi sina namna."

"Najua hujaitafuta."

"Usinifanyie hivyo. Hebu kapime macho basi. Pengine ni kitu cha miwani tu."

Nikashuka mjini, nikapima. Kijana wa duka la miwani alinionyesha herufi mpaka zile za chini kabisa, nikazisoma zote. "Mama," akasema, "unaona kuliko mimi." Ningefurahi, lakini nilitoka pale nimeishiwa nguvu. Kama macho ni mazima na mistari imepinda, basi kilichoharibika ni kile kingine, kile ambacho hakina duka. Nilikuwa najivunia kitu kimoja tu duniani. Sikuwa na shule, sikuwa na mume, sikuwa na mtoto, lakini nilikuwa naweza kuchuchumaa nyuma ya mpira na kujua utapita wapi. Nilirudi mlimani kwa miguu kutoka kituoni, na bwenini nilikaa kitandani bila kuvua koti.

Jumatatu klabu hufungwa. Nilikwenda kwenye kapu la vitu vilivyosahauliwa, nikachukua fimbo ya kusukumia ambayo mwenyewe hajairudia miaka mingi, na mipira kumi, nikaenda kwenye grini ya mazoezi. Hapakuwa na mtu ila mfanyakazi mmoja kule mbali na mashine ya kupuliza majani.

Nilichagua sehemu tambarare, hatua nne kutoka shimoni. Nikapanga mpira kama ninavyompangia Bosi Pyo, mstari ukitazama katikati ya shimo. Nikaishika fimbo kama wanavyoishika watu. Sikufundishwa gofu na mtu. Nilijifunza kwa kuwatazama wageni, na niliyemtazama zaidi ni yeye. Nikasukuma, ukaingia. Nikapanga mwingine, ukaingia. Kati ya mipira kumi iliingia minane. Nikajiambia, sasa kosa liko wapi?

Halafu nikafanya upuuzi. Nikatoa tumbo mbele, nikabadilisha mikono kama yeye, kushoto chini, kulia juu, nikasema kwa sauti yake, "Mabingwa wote siku hizi wanashika hivi!" Nilimwigiza vizuri kabisa, na hapakuwa na wa kucheka.

Ni namna ya ajabu ya kushika. Kwanza unahisi mikono si yako. Mkono wa kulia, uliozoea kuwa bwana, unakaa juu pale kama mkwe aliyekuja kutembea, hauna kazi. Bega la kushoto linashuka, mabega yote mawili yanakuwa sawa, na fimbo inakwenda na kurudi kama mlango kwenye bawaba. Nikausukuma mpira wa kwanza, ukapita kulia. Wa pili, kulia. Nikapanga na kusukuma mpaka yote kumi ikaisha, na yote kumi ilipita kulia, ikalala nyuma ya shimo imekaribiana, ungeweza kuifunika kwa kofia.

Hapo nikasimama. Mtu aliyechoka macho hakosei hivyo. Anakosea huku na huku. Hii ilikuwa imekosea kama watu waliopewa amri.

Nikapanga mpira mmoja zaidi, kwa uangalifu wote. Kisha nikafanya kitu ambacho kedi haruhusiwi, nikalala kifudifudi juu ya grini, shavu kwenye nyasi zenye umande, nikautazama mstari kutoka nyuma. Haukuwa unatazama shimo. Ulikuwa unatazama kulia, nusu shimo nzima. Niliuweka mwenyewe dakika moja kabla, na ningeapa kwa kaburi la mama kwamba umenyooka.

Ndipo nikakumbuka. Mwaka wa kwanza kabisa wa Bosi Pyo niliona kwamba anavuta. Mkono wake wa kulia ukifika kwenye mpira ulikuwa unaugeuza kushoto, kidogo tu, kila mara kiasi kilekile. Kumwambia mwanachama kwamba anavuta si kazi ya kedi. Kazi ya kedi ni mpira uingie. Kwa hiyo nikaanza kumwelekezea mstari nusu shimo kulia bila kusema, yeye anavuta, mpira unarudi katikati, unaingia. "Mnaona?" anawapigia kelele wenzake. Nami napiga makofi, "Safi sana, bosi!" Sikumwambia mtu. Miaka ikapita, na mwishowe nikaacha hata kujiambia mwenyewe. Mkono ulikuwa unafanya, na macho yakauamini mkono, mpaka kilichopinda kikawa ndicho kilichonyooka. Hata mimi, niliyejifunza kwa kumtazama, nilikuwa navuta vilevile, ndiyo maana minane iliingia. Na sasa yeye amebadilisha mikono, havuti tena, anausukuma mpira sawasawa palepale ninapomwelekeza. Kule kwenye kosa langu.

Niliinuka na majani mabichi shavuni. Nilikuwa na hamu ya kumwambia mtu, yeyote. Yule wa mashine ya kupuliza majani alikuwa amevaa vizibo vya masikio. Akanipungia mkono, nikampungia.

Nilimwambia Yu-ra. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso wake ukawa unabadilika.

"Kwa hiyo miaka kumi na moja umempangia mistari ya uongo."

"Iliingia, Yu-ra. Uongo gani unaingia shimoni?"

"Dada mkubwa, hilo usimwambie mtu mwingine. Si Pyo tu atakayekasirika. Kila mwanachama atauliza yeye anapangiwa nini."

"Kila mmoja na chake," nikasema. "Wanachama arobaini na mmoja. Kuna wa robo, kuna wa shimo zima. Kuna mmoja anavuta asubuhi tu."

Akanitazama kama mtu aliyeona dari ya nyumba yake kwa mara ya kwanza. Kisha akasema, "Sasa unataka nini?"

"Mzunguko mmoja na Bosi Pyo. Kabla ya fomu."

"Amesema hakutaki."

"Mwambie uliyempangia ana homa. Ulipokuwa na homa wewe, nani alikufanyia mizunguko yako?"

Hakupenda kukumbushwa. Lakini alinipa Jumamosi.

Siku hiyo jalidi ilikuwa bado haijayeyuka kwenye kivuli cha misonobari. Bosi Pyo aliponiona kwenye kigari alisimama.

"Wewe tena?"

"Yule msichana anaumwa, bosi."

"Haya. Lakini mpira wangu usiuguse. Nitaupanga mwenyewe."

Mwanachama wa Cheongam kupanga mpira wake mwenyewe, sijawahi kuona. Walikuwa wanne walewale, lakini walioshindana ni yeye na Bang, na atakayeshindwa angewanunulia wote nyama ya kuchoma kule chini. Kwenye grini ya kwanza Bosi Pyo akachuchumaa. Suruali ikalia. Akaugeuza mpira hivi, akaugeuza vile, akalala ubavu, akainuka, akarudi.

"Usije ukajifungulia hapo," Bang akasema. "Mkunga yuko mbali."

"Nyamaza, unanivuruga akili."

Alikosa. Mara kulia, mara kushoto, mara mbali hata kuitwa kukosa ni heshima. Kwa mashimo sita mfululizo alichuchumaa na kukosa, na nyuma yetu kundi lingine likawa limesimama linangoja, kedi wao ananipungia kofia kwamba tusogee. Bang alikuwa anaongoza kwa mashimo matano. Kwenye la saba Bosi Pyo aliinuka, uso mwekundu, akanisukumia mpira kifuani.

"Haya. Chukua. Panga."

Nikachuchumaa. Hapo ndipo ilipokuwa kazi yenyewe, na hakuna aliyejua. Mkono ulikwenda wenyewe kulia na macho yakasema, vizuri, umenyooka. Nikaugeuza kushoto kidogo. Macho yakasema, umepinda. Nikaugeuza tena, mpaka kila kitu ndani yangu kikapiga kelele kwamba unaharibu, nikauacha hapo, nikaondoka juu yake kabla sijaurudisha.

Akaweka mkono wa kushoto chini. Akasukuma. Mpira ulikwenda kama uliovutwa kwa uzi, ukadumbukia.

"Eee!" akapiga kelele, akamgeukia Bang. "Umeona? Umeona mikono? Sasa imezoea!"

La nane ukaingia. La tisa ukaingia kutoka hatua saba, akacheza ngoma na fimbo begani. Kila mara nilichuchumaa, nikapanga mpaka macho yakakataa, nikauacha. Mgongo ulinitoka jasho kwenye baridi ile. Nilikuwa nafanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, nilikuwa nalijua hilo, na kila mpira ulipoingia yeye alikuwa anaibusu mikono yake. Tulipomaliza la kumi na saba walikuwa sawasawa na Bang.

Kwenye kigari, tukielekea shimo la mwisho, alikuja kukaa mbele, karibu nami. Alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hupenda kugawa wema.

"Dada Tak, usiweke moyoni maneno yangu ya siku ile."

"Siweki, bosi."

"Unajua tatizo lilikuwa nini? Si wewe. Ni mikono. Sasa nimepona. Nimekuwa nikifikiri, mwaka huu kwenye fomu sitaandika jina la mtu. Kedi yeyote atanifaa sasa. Kwa nini nikulazimishe mtu mzima kuupanda mlima huu na magoti hayo? Ukapumzike. Una watoto?"

"Sina."

"Basi, utapumzika vizuri zaidi."

Alisema hivyo kwa roho safi. Nilibonyeza kitufe, kigari kikasimama.

Kwenye grini ya mwisho mpira wake ulikuwa hatua tatu kutoka shimoni, mlima kidogo, bila kona. Ukiingia, ameshinda. Usipoingia ni sare, na sare kwao ilihesabiwa ya Bang. "Dada, nipangie," akasema, akageuka kumtania Bang.

Nikachuchumaa na mpira mkononi. Nusu shimo kulia, na mkono ulikuwa unajua njia. Hakuna binadamu ambaye angeona. Angekosa mbele ya wenzake, angenunua nyama, angerudi nyumbani anaitilia shaka mikono yake, na pengine, wiki ijayo, angemkumbuka kedi wake wa zamani.

Nilimpangia ulionyooka. Si kwa wema, nisije nikasingiziwa. Angekosa pale wangesema macho ya shangazi, na mimi ndiye ningekuwa nimewapa ushahidi. Jina walikuwa wamekwisha kulitoa kwenye fomu. Macho sikuwapa.

Ukaingia. Akarusha kofia juu. Wakakumbatiana, wakapigana migongo, wale wawili wasiozungumza wakapiga makofi. Nikainama kama tunavyoinama. "Hongera, bosi," nikasema, nikarudisha bendera kwenye shimo.

Kwenye maegesho nilikuwa napakia mabegi. Bang alikuja kuchukua lake, akaangalia nyuma kwanza.

"Dada, siku ile Pyo alipobadilisha mikono, mistari yako ilikuwa inatazama kulia. Leo imenyooka."

Nilibaki na begi mikononi. "Uliona?"

"Mimi ni daktari wa meno. Kilichopinda nakiona hata nisipotaka." Akacheka kidogo. "Nimeona miaka mingi. Nilikuwa nasema moyoni, huyu mama ni mjanja kweli, anamchezesha Pyo kama mtoto."

"Na pale kibandani, aliponiuliza macho. Wewe ndiye uliyesema miwani."

"Ulikuwa utani tu, dada."

"Ungeweza kusema ulichokiona."

"Ningesemaje? 'Pyo, miaka kumi na moja hujawahi kuusukuma mpira ukanyooka'? Urafiki ungeishia palepale. Halafu mimi hapa ni mgeni, yeye ndiye mwanachama." Akawaza kidogo. "Mbona hata wewe hukusema."

"Mimi ni kedi, bosi."

"Ndiyo hivyo," akasema, kana kwamba tumeelewana, akapanda gari.

Kwa hiyo alikuwepo mtu mmoja aliyeiona kazi yangu. Miaka yote ile nilidhani nafanya peke yangu, kumbe kulikuwa na mtazamaji, amekaa kimya, anakula nyama ya bure. Nilipokuwa sijui, upweke ulikuwa mwepesi zaidi.

Fomu zilipofungwa jina langu halikuwa kwenye hata moja. Siku ya mwisho ya Novemba nilikuwa nafunga vitu vyangu. Yu-ra akabisha hodi namba saba. Alikuwa hajaingia humo tangu apewe ofisi. Akakaa kwenye kile kitanda cha dirishani, akakibonyeza kwa kiganja, akasema, "Bado kinazama katikati."

"Hakuna wa kukilalia."

Alikuwa na daftari jipya, kubwa, la jalada gumu. Akaliweka magotini.

"Dada mkubwa, kabla hujaenda. Niandikie wale arobaini na mmoja. Nani anavuta, nani anasukuma nje, kiasi gani. Wasichana hawa hawajui kitu, wanapanga kama walivyoambiwa na kitabu. Utakuwa umetuachia kumbukumbu."

"Hukusema ni uongo?"

"Nilikuwa nimeshtuka tu."

"Mimi sijui kuandika, Yu-ra."

"Dada mkubwa."

"Darasa la sita tu. Umesahau?"

Alitazama kiganja chake. Kisha aliinuka, akaliacha daftari juu ya godoro, labda nitabadili nia. Nilipoondoka nililiacha hapo lilipokuwa.

Sasa niko kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu, upande wa magari yanayotoka Seoul. Napakua supu ya kichwa cha ng'ombe. Wateja wanakula wima, wanapanda magari, siwaoni tena, na hakuna anayeniita dada wala shangazi. Wananiita kwa kubonyeza kengele. Mchana, shughuli ikipungua, nikiwa nasugua masufuria peke yangu kule nyuma, nawataja mmoja mmoja ili wasinipotee: Bwana Ham wa mbao, robo kulia, wakili Eom, shimo zima kushoto, yule wa asubuhi tu. Nafika arobaini. Pyo simtaji. Yeye sasa amenyooka.